Gundi ya Milango ya Nje

"Umekibandika kwa gundi?"

"Nimekibandika."

"Chote?"

"Sasa ulitaka nibandike nusu?"

"Mzee, hiki ni cheti. Siyo kabati."

"Najua ni cheti. Kabati ningelipiga misumari."

Sauti zilikuwa zimeshavuka ukuta. Jirani wa chumba cha pili, ambaye redio yake hainyamazi mpaka betri zife, alikuwa ameizima kabisa ili asikie vizuri. Ndani, juu ya meza ya sebuleni, fremu ilikuwa imelazwa kifudifudi kama mgonjwa anayesubiri sindano. Kijana alikuwa ameng'oa misumari midogo minane ya nyuma kwa koleo la baba yake, mmoja mmoja, akijua kwamba akimaliza atainua plaiwudi na cheti kitamdondokea mkononi. Plaiwudi iliinuka vizuri tu. Cheti kikainuka nayo.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao kichwani na penseli sikioni. Ni fundi seremala, miaka ishirini na tisa kazini, na hakuna mtu aliyewahi kumrudishia kitu kwa sababu kimebanduka. Alikuwa anajitahidi kuelewa kosa lake liko wapi.

"Karatasi ikikaa tupu kwenye fremu, mvua ikija inavimba," alisema. "Inakunjamana. Mimi nimeviona vyeti vya watu vimekunja sura kama vizee. Nikasema cha mwanangu hapana."

"Ungeniuliza."

"Ungekuwepo ningekuuliza. Ulikuwa umelala."

Hilo lilikuwa kweli. Kijana alimaliza diploma ya maabara miezi kumi na moja iliyopita, na kwa miezi hiyo kumi na moja amelala sana. Analala hapo hapo sebuleni, kwenye kochi, chini ya msumari ule ule unaoshika cheti chake. Mtaani wanamwita Profesa, na ukisikiliza vizuri huwezi kujua kama ni heshima au kejeli, maana hata wao hawajaamua. Kila mgeni akija, mama yake humwambia apishe kidogo kwenye kochi, halafu mgeni anaonyeshwa ukuta.

"Punguzeni sauti," mama alisema kutoka jikoni. "Mnataka watu wajue?"

"Wajue nini, mama? Cheti kipo ukutani mwaka mzima, nani hajui?"

"Wajue kwamba mnagombana. Mtu ameitwa kazini leo hii, badala ya kushukuru mnapigiana kelele."

Aliitwa Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi jioni. Simu ilikuwa ya mwanamke wa ofisi ya utumishi kwenye mamlaka ya maji, sauti ya mtu anayesoma huku anakula. Nafasi ya fundi wa maabara, ya kupima maji. Aje Jumatatu saa mbili asubuhi na cheti chenyewe. Kijana akauliza kama kopi iliyothibitishwa inafaa. "Kopi haina mgongo," mwanamke akamjibu. "Namba ya usajili na mhuri mwekundu viko nyuma. Sisi tunasoma nyuma. Usipofika nacho, nina mwenzako hapa chini yako kwenye orodha, namwita Jumatatu hiyo hiyo." Akakata.

Kijana alikuwa ameomba kazi mara arobaini na mbili kwa kopi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza cha nyuma.

"Basi kibandue," mama alisema, sasa akiwa ameingia, mikono bado ina povu. Yeye anafanya usafi zahanati, na diploma ya maabara ilikuwa wazo lake. Kwa miaka alipiga deki kwenye chumba cha vipimo huku wale wa makoti meupe wakiinua miguu kumpisha bila kumtazama, akasema wangu na yeye atainua miguu. "Baba Profesa, si umekibandika wewe? Kibandue."

Fundi alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Hakibanduki."

"Kwa nini hakibanduki?"

"Kwa sababu nilikibandika vizuri."

*

Kijana ndiye aliyesema kwanza wajaribu mvuke. Chuoni alifundishwa kwamba usijaribu kitu kwenye sampuli pekee uliyonayo, kwa hiyo alichukua kipande cha gazeti, akakibandika kwenye kipande cha plaiwudi kwa gundi nyeupe ya mzee, akakikausha kwa pasi, akakiweka juu ya sufuria ya maji yanayochemka huku anahesabu dakika kwa simu. Mama aliepua birika la chai ili kumwachia jiko. Fundi alivuta kigoda akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanawe akifanya kile kitu alichokwenda kukisomea, na alitazama kwa makini kama anavyomtazama fundi mgeni.

Dakika ya saba gazeti lilianza kuinuka pembeni. Dakika ya tisa likatoka zima, na herufi zake zote.

"Ona," kijana alisema. Alikuwa anatabasamu. "Umeona? Tunakwenda polepole tu, upande mmoja, tunapumzika, upande mwingine."

"Umefanya vizuri," fundi alisema. "Lakini mimi sikutumia hiyo."

"Hukutumia ipi?"

"Hiyo nyeupe. Hiyo ni ya viti vya ndani. Kwako nilitumia ile ya kopo jekundu, ya milango ya nje. Ile haiogopi mvua wala jua. Kopo moja nilikuwa nimelibakiza."

Kijana aliiweka plaiwudi chini taratibu sana.

"Ulitumia gundi ya milango ya nje kwenye karatasi."

"Nilitumia iliyo nzuri kuliko zote niliyokuwa nayo."

Wakaijaribu hata hivyo. Mvuke wa dakika ishirini haukuinua hata unywele. Fundi akakumbuka thina ya rangi, ambayo huyeyusha ile gundi, na kijana akaweka tone moja tu kwenye pembe ya chini kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Gundi ililegea kweli. Na wino wa kijani wa pambo la pembeni ukaanza kutembea nayo, ukatengeneza doa lenye umbo la jani. Mama akaweka mkono mdomoni. Kijana akafuta, akafunga chupa.

"Tukiendelea," alisema, "tutabaki na plaiwudi safi."

*

Kaka yake mama ana jina lake mtaani: Mipango. Hana duka wala ofisi, lakini kila mahali ana mtu. Ijumaa asubuhi alimsindikiza mpwa wake chuoni kwa sababu pale napo ana mtu, ingawa walipofika yule mtu alikuwa amehamishwa mwaka juzi.

Ofisi ya msajili ina dirisha lenye kioo kilichotobolewa duara, chini sana, kwa hiyo kila anayetaka kusema lazima ainame kama anachungulia tanuri. Foleni ilikuwa ya watu tisa. Kijana aliwatambua wawili, wa mwaka nyuma yake. Walimwamkia, wakauliza siku hizi yuko wapi, akasema yupo yupo.

Karani alikuwa mzee kidogo, miwani imefungwa kamba.

"Shida?"

"Nataka kutengenezewa cheti kingine."

"Kimepotea?"

"Hapana. Kipo."

"Kipo wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani sehemu gani?"

"Ukutani."

Karani alivua miwani. "Kijana, mimi natoa vyeti vipya kwa waliopoteza. Wewe hujapoteza. Wewe unakiona kila siku."

Mtu nyuma alicheka kwa pua. Mjomba Mipango akasogea, akainama naye kwenye tundu, vichwa viwili pamoja, akaanza kusema mheshimiwa, unajua, hali ilivyo. Lakini kijana alikuwa ameshaanza kueleza, na alieleza haraka, kama mtu anayetaka kutoka kwenye maji baridi. Kwamba kilibandikwa kwa gundi. Kwamba hakitoki. Kwamba namba iko nyuma.

"Nani alikibandika?" karani aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua tu, maana kwa miaka yote hajawahi kusikia hiyo.

Wale wawili wa mwaka nyuma walikuwa wanasikiliza.

"Fundi mmoja tu wa mtaani," kijana alisema. "Hajui kazi."

Karani akatikisa kichwa kwa huruma. Akamsomea utaratibu kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa dirishani, ambayo kila mtu angeweza kuisoma mwenyewe: ripoti ya polisi ya kupotelewa, kiapo kwa wakili, tangazo gazetini, kisha kusubiri miezi mitatu. Akashusha sauti.

"Na ungeniambia kimepotea, ningekupa barua ya muda ya kushikilia leo hii, ungepeleka huko kazini. Ningekuelewa kabisa. Lakini umeshaniambia kipo. Sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika kimepotea."

"Kimepotea ukutani?" karani alisema, na safari hii foleni nzima ilicheka, hata wale wa mwisho ambao hawakusikia mwanzo.

Njiani kurudi, mjomba alisubiri mpaka wavuke barabara.

"Mpwa wangu, wewe nani alikufundisha kujibu maswali yote unayoulizwa?"

*

Mipango alibaki kula mchana. Yeye hana kinyongo na mtu, na stori ya dirishani ilimpendeza, kwa hiyo aliisimulia kuanzia mwanzo, sauti ya karani na ya foleni. Dada yake alicheka kidogo bila kutaka. Fundi alikuwa anakula.

"Lakini kijana mjanja," Mipango alisema akiwa na lengo la kumsifia. "Alipoulizwa nani kafanya, hakukuangusha, shemeji. Kasema fundi mmoja wa mtaani, hajui kazi. Akaliua hapo hapo. Nikasema huyu ana akili, hakutaka jina la nyumba liingie."

Kijana aliacha kutafuna.

Fundi alimeza, akanywa maji, akaiweka bilauri pale pale ilipokuwa imeacha duara la unyevu mezani.

"Mtaani kweli," alisema. "Sina karakana mjini."

"Mzee, kulikuwa na watu—"

"Nimekusikia. Kula."

Mama ndiye aliyeingilia. Alikuwa amelifikiria jambo tangu asubuhi akipiga deki. Alisema kwamba dhambi iko kwenye kudanganya. Wakienda polisi kusema kimepotea na kumbe kipo, hiyo ni dhambi. Lakini kikiungua, kimeungua. Basi wakichome. Nyuma ya nyumba, kwa mafuta kidogo, halafu waende wakaseme kimeungua na itakuwa kweli tupu.

Mipango alimtazama dada yake kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa. "Hiyo," alisema, "hata mimi sikuifikiria."

"Na miezi mitatu?" kijana aliuliza. "Kazi ni Jumatatu, mama. Ukikichoma nitakwenda Jumatatu na majivu?"

"Basi wewe unasemaje?"

"Sisemi kitu."

"Umesoma miaka mitatu, huna cha kusema?"

Aliinuka akaenda kwenye kochi lake, akakuta mjomba ameshaweka koti lake pale, akarudi kusimama dirishani. Ukutani palikuwa na msumari mtupu na mraba wa rangi safi, mahali ambapo moshi wa jikoni haukuwahi kufika. Fundi alinawa, akavaa kofia, akasema ana mlango wa mtu, akatoka. Aliporudi jioni hakusema neno kuhusu gundi wala fundi wa mtaani. Jumamosi alitoka alfajiri akarudi giza limeingia. Kijana alijaribu mara mbili kuanza sentensi, na mara zote mbili mzee alikuwa na kitu cha kufanya uani.

*

Jumapili saa nne fundi alimkuta mwanawe kwenye kochi, akagonga mguu wa kochi kwa kiatu.

"Hiyo namba iko sehemu gani?"

"Nyuma."

"Nyuma ni kubwa. Sehemu gani?"

Kijana hakukumbuka. Mgongo wa cheti aliuona siku moja tu, ile ya kupewa, na siku ile kila mtu alikuwa anatazama mbele. Akampigia aliyekuwa jirani yake bwenini. Yule yeye cha kwake kipo kwenye bahasha chini ya godoro, na hajapata kazi pia, kwa hiyo alikuwa na muda. Alichukua rula akapima, akasoma: kutoka ukingo wa kulia sentimita nne, kutoka chini mbili na nusu. Mhuri na namba pamoja vinatosha kufunikwa na kiberiti.

"Kulia kwa nani?" fundi aliuliza.

"Kulia."

"Kulia kwa anayesoma mbele, au kulia kwa aliyekigeuza? Muulize. Ukikosea hapo utatoboa upande usio na kitu."

Kijana aliuliza. Ilikuwa kulia kwa aliyekigeuza. Yeye angekata upande wa pili.

Karakana ni banda la mabati mwisho wa mtaa, na kijana hakuwa ameingia ndani tangu aanze chuo. Ilikuwa amri ya mzee mwenyewe: msomi hashiki randa, watu watasema tumesomesha nini. Sasa mzee alimwonyesha plaiwudi kwenye benchi, nyuma juu, na mraba mdogo uliochorwa kwa penseli.

"Shika hapo, kwa nguvu. Fundi wa mtaani anakata."

Kijana alishika.

Plaiwudi ina kurasa tatu za mbao zilizolaliana. Fundi alichonga kuzunguka mraba kwa patasi nyembamba, akainua ukurasa wa kwanza kama mtu anayefungua kifuniko cha sardini. Wa pili ulitoka vipande vipande. Jasho lilimdondoka puani, akageuza uso lisianguke. Alipofika wa tatu alisimama, akasogeza uso karibu, akausogeza mbali, akaiweka patasi chini.

"Hapa macho yangu basi," alisema. "Huu wa mwisho ni kama ganda la kitunguu, chini yake ni gundi, chini yake ni wewe. Endelea."

"Mimi?"

"Si ulifundishwa kukata vitu vyembamba?"

Alifundishwa. Alikata vitunguu na mashina ya mimea kwa wembe mihula miwili, vipande vyembamba vya kupitisha mwanga. Aliomba wembe mpya. Akaegemeza viwiko kwenye benchi, akavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta kwenye mtihani wa vitendo, akaanza kukwangua kwa mwelekeo mmoja. Alitumia karibu saa nzima. Mteja mmoja alichungulia kuulizia meza yake, mzee akamfukuza kwa kiganja bila kugeuka.

Kwanza ilitokea rangi ya gundi, ya kahawia, kama chai nzito. Halafu ndani ya chai ukaonekana wekundu. Halafu tarakimu, sita, zimepinda kidogo lakini zinasomeka.

Kijana aliacha wembe.

"Inasomeka," alisema.

Fundi alivaa miwani, akavua, akaamini. Akachukua plaiwudi, akasema mwanawe aende akaoge, kesho ana safari. Jioni aliirudisha fremu nyumbani ikiwa imefungwa, kioo kimefutwa, na pale kwenye tundu alikuwa ameweka kilango cha mbao, ukubwa wa kiberiti, chenye bawaba mbili ndogo za sanduku la vito na kikomeo cha waya.

"Mzee, tundu lilikuwa linatosha."

"Vumbi litaingia."

"Kuna mtu alikuomba mlango?"

"Hakuna."

Kijana alikifungua kilango, akakifunga. Kilifunga bila sauti. Akafungua kinywa kusema jambo, kikatoka kitu kingine: "Vanishi imekauka?"

"Imekauka," fundi alisema.

*

Asubuhi mama alimpa shuka la kufunikia, kijana akalibeba mpaka nje kisha akaliacha kwa jirani wa redio, kwa sababu fremu iliyofunikwa shuka ilionekana kama anahama. Alitembea nayo kwapani dakika arobaini. Watu waliomwona walidhani anapeleka picha ya marehemu, na wawili walimpa pole.

Mlango wa ofisi ya utumishi unakwaruza sakafu. Wote walioingia mbele yake waliusukuma kwa bega, na wakitoka wakauvuta kwa mikono miwili, na bado ulibaki wazi kiganja kizima. Sakafuni palikuwa na mchirizi mweupe wa nusu duara, wa miaka. Wenzake watatu kwenye benchi walikuwa na bahasha za kaki magotini. Yeye aliisimamisha ya kwake katikati ya miguu, uso kwa ndani.

"Anayefuata."

Afisa utumishi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ile ile ya simu, na kweli alikuwa na sambusa juu ya faili. Alimtazama, akaitazama fremu.

"Hatupokei zawadi."

"Ni cheti, mama. Mliniambia nije nacho."

"Na ukuta wenyewe umeuacha wapi?"

Msaidizi wa meza ya pembeni alijiinamia kwenye kompyuta, mabega yakicheza. Kijana aliiweka fremu mezani, akaigeuza. Akafungua kilango.

Afisa aliacha kutafuna. Alijifuta vidole, akavaa miwani, akainama mpaka pua yake ikakaribia mbao. Akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, msaidizi akiziandika kwenye kompyuta. Walirudia mara mbili, kwa sababu ya nne ingeweza kuwa tatu au nane. Ilikuwa nane. Kompyuta ilifikiri. Kijana alitazama sambusa.

"Jina linakubali," msaidizi alisema.

"Linakubali," afisa akarudia, bila furaha, kama mtu aliyenyimwa sababu rahisi. Alikifunga kilango kwa kidole, akakifungua tena. "Na hili doa la kijani mbele? Utaniambia ni nini?"

"Thina. Tulijaribu kukibandua."

"Nani alikibandika?"

Mlango ulikuwa wazi kiganja kile kile, na wale watatu wa bahasha walikuwa wanasikiliza.

"Baba yangu," kijana alisema. "Ni seremala. Hakutaka kikunjamane."

"Na huu mlango?"

"Yeye pia."

Afisa aliandika kitu kirefu kwenye faili. Kisha akasema, akiwa bado anaandika, kwamba yeye hawezi kumpa mtu nafasi ya fundi wa maabara kwa cheti anachokisoma kupitia gundi. Anaweza kumchukua kama msaidizi wa kuchota sampuli, malipo ya msaidizi, kuanzia Jumatano, mpaka chuo kijibu kwa barua kwamba namba ni yake. Chuo kinaweza kujibu wiki mbili, kinaweza kujibu miezi minne. Wakijibu vizuri, anapanda. Wasipojibu, anabaki kuchota.

"Na fundi wa maabara?"

"Nafasi tutaiacha wazi kwa miezi minne. Zaidi ya hapo siwezi kuzuia. Unataka au namwita mwenzako?"

"Nataka."

"Saini hapa. Na hapa. Cheti kinabaki kwetu mpaka uhakiki uishe, ndiyo utaratibu."

Alijaribu kukiingiza kwenye kabati la mafaili. Hakikuingia kwa wima wala kwa ubavu. Mwishowe alikiegemeza ukutani nyuma ya kiti chake, mbele kwa ukuta, na mtu yeyote aliyekaa mbele ya ile meza angeona plaiwudi na kilango.

"Huyo mzee wako," alisema, tayari ameshika sambusa, "anatengeneza na milango ya watu?"

"Ndiyo kazi yake hasa."

"Mwambie siku moja aje auone huu. Tumeandika barua mara tatu, wanasema fungu hakuna. Usihangaike nao, uache tu hivyo hivyo."

Kijana aliinuka. Mikono ilikuwa mitupu na hakujua pa kuiweka. Alifika mlangoni, akasimama kwenye ule mchirizi mweupe, akaitazama bawaba ya juu. Skrubu mbili kati ya tatu zilikuwa zimelegea, zimechomoza. Alitoka nje, akashika kitasa, akakiinua juu kidogo, upana wa kidole kimoja tu, mpaka mbao ikaacha kugusa saruji, akauvuta mlango ukaja wenyewe, ukafunga.